Dimbwi la Kona

Mimi kazi yangu kupunguza.
Suruali inatoka kwenye belo na kiuno cha mtu mnene
nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua,
na mimi hapa Tandika, nyuma ya wauza ndala,
naikata, naibana, naitia kiraka ikibidi,
inaondoka ni ya kijana wa Temeke.
Hakuna aliyewahi kuniandikia
kuuliza ruhusa nilipata wapi.

Mdogo wangu Pazi hana cherehani. Ana kompyuta
yenye feni inayokohoa kama kuku wa kideri.
Alinunua gemu la mpira, viwanja vyote
majani mabichi kama picha ya kalenda,
akakaa nalo miezi saba akilifumua mishono.
Akaingiza uwanja wetu wa Changani:
goli lisilo na nyavu,
ukutani tangazo la mganga na namba yake ya simu,
na lile dimbwi la kona
ambalo mpira ukitua unakufa,
hata uwe nani.

Mtangazaji, mjomba Chande.
Alirekodiwa chini ya blanketi, joto la Januari,
jasho likimtoka, anapayuka:
“Kamvua shati mchana kweupe!”
Na golini, jezi ya njano, Mwarami,
yule aliyetutoka mwaka wa mafuriko.
Bado anashika kiuno kabla ya kuanzisha mpira.
Siku moja mama yake alisimama mlangoni pa banda la gemu,
ndoo ya vitumbua mkononi,
akatazama mechi nzima.
Hakusema kitu. Aliacha vitumbua vinne juu ya runinga.

Kisha wenye gemu wakaandika.
Wameona, wamependa, wanataka liwe rasmi.

Rasmi! Neno likazunguka mtaa
kama gari la matangazo.
Shomari wa banda: “Saini, umaskini si heshima.”
Sikudhani, aliyesoma sheria akaishia mwaka wa pili:
“Nyumba ni yao, wewe umepaka rangi.
Ila rangi, jamani, ya nani?”
Mjomba Chande aliuliza tu
kama sauti hulipwa kwa neno au kwa dakika.

Kurasa kumi na tisa.
Ukurasa wa kumi na mbili: kila mchezaji atie saini mwenyewe.
Mwarami atie kwa kalamu gani?
Ukurasa wa kumi na nne: kasoro za uwanja zitaondolewa.
Kasoro. Wameliita hivyo dimbwi letu.
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji;
huyu wetu kasifiwa,
na wenye sifa wakaja kuyakausha.

Alisaini. Simlaumu,
bati la jikoni lilikuwa linavuja kwenye sufuria.

Toleo likaja mwezi wa tisa.
Mchanga umechanwa kama nywele za bibi harusi.
Golini kuna “Kipa A”.
Mtangazaji ni mwingine, Kiswahili chake safi,
hakijawahi kudaiwa kodi.
Jina la Pazi lipo, mwisho kabisa,
herufi kama chawa, kati ya majina mia nne.
Nililiona nikalia kidogo. Kwa furaha, nisiseme uongo.

Ila gemu lenyewe linataka bando kila likifunguliwa.
Wiki haikuisha, watoto wa banda
wakarudi kwenye lile la zamani, la flashi iliyofungwa mpira wa suruali.

Mnaniuliza: yafanywe rasmi, yasifanywe?
Mimi ni fundi wa kupunguza.
Suruali haikuwa yangu, najua.
Lakini kabla ya mkono wangu haikuwa ya mtu yeyote huku.

Jana saa nane usiku nikasikia feni inakohoa.
Nikachungulia. Pazi kalifungua lile rasmi,
kafumua kona moja tu,
anarudisha maji.
“Na wakiliona?”
“Wataandika tena.
Sogea, dada, unaniziba taa.”